Shuka Themanini za Sainte Fujo

Umeme ulikatika nikiwa nimebakiza mashati mawili ya mume wangu, basi nikamtuma binti yangu kwa jirani akaazime pasi ya mkaa. Alirudi nayo akiicheka, maana kwake ile ni kitu cha makumbusho. Nilipuliza makaa, nikanyunyiza maji kwenye kola, nikaigandamiza. Harufu ikapanda: pamba yenye unyevu, moshi kidogo, na ule ukaribu wa kuungua ambao mpiga pasi mzuri haufikishi mwisho. Nilikaa kitako. Binti yangu aliniuliza kama nimejichoma. Nilimwambia hapana, nimemkumbuka Shangazi Faida tu, kisha nikaona aibu kwamba miaka yote hiyo sijawahi kumweleza huyo Faida alikuwa nani.

Wenzangu mliokulia Kamembe zamani zile mtaikumbuka ile mistari ya maduka ya Waswahili karibu na soko, mafundi viatu wakigonga misumari, wauza vitenge wakiitana, na cherehani zikilia tangu asubuhi. Cherehani mbili za mwisho zilikuwa za Papa, baba yangu. Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja mdogo wenye kamba za kuanikia, na hapo ndipo Shangazi Faida alipotawala na meza yake ya pasi. Alikuwa dada mkubwa wa Papa. Ndoa yake ilivunjika kule Bukavu, ng'ambo ya mto, akavuka daraja la mpakani na sanduku moja na pasi mbili, na tangu siku hiyo hakuna suruali iliyotoka kwa Papa bila kupitia mikononi mwake. Juu ya hayo alifua na kupiga pasi shuka za nyumba moja ya wageni, na shuka hizo ndizo zilizotufunga sisi watoto kwake kila Jumamosi.

Sisi maana yake mimi na Riziki. Riziki alikuwa mtoto wa Kikristo, darasa moja nyuma yangu, na mama yake alikuwa akivuka kwenda Bukavu na biashara zake, akimwacha kwetu mpaka jioni. Kazi yetu ilikuwa kupepea makaa, kunyunyiza maji, na zaidi ya yote kukunja. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe mbili mbili, mnavuta mpaka ikaze, kisha mnaendeana, mnakutanisha pembe, mnarudi nyuma, mnaendeana tena. Ni kazi ya kuchosha mikono na ya kuchosha akili zaidi, na Shangazi, ambaye alijua watoto wanaochoka huburuza shuka za watu kwenye vumbi, alikuwa ameigeuza kuwa mtihani.

Mtihani wenyewe ulihusu shule moja tu, shule ya bweni ya wasichana iliyoitwa Lycée Sainte Fujo. Yeye alishika upande wake, mimi upande wangu, akauliza, tuseme, kuhusu dortoir, yaani bweni. Ukijibu sawa, unaruhusiwa kupiga hatua na kukutanisha pembe. Ukikosea, anaivuta shuka kwa ghafla, unapepesuka hadi kwenye kapu, na mnaanza upya.

"Ku dortoir kuko bitanda ngapi?"

"Makumi ine!"

"Na batoto?"

"Makumi tatu na tisa!"

"Ile kitanda ingine, ni nani analalaka pale?"

"Mademoiselle Directrice, kama radi inapiga!"

"Njo!" Nami nikaenda mbio na pembe zangu, nikicheka, maana nilikuwa namwona kabisa yule Directrice, mkuu wa shule mkali mwenye funguo ishirini kiunoni, anakuja kwa ncha za vidole gizani na mto wake kwapani, kwa sababu anaogopa radi na hataki mtu ajue.

Kuhusu jina la shule hatukuwa na shaka. Nyumbani kwetu hatukuwajua watakatifu, na shule zote za masista tulizozisikia zilikuwa za Mtakatifu huyu au yule. Nilimuuliza Riziki, ambaye katika mambo ya Kikristo ndiye alikuwa mufti wangu. Alifikiri kidogo, akasema kila mtakatifu ana kazi yake, kuna wa vitu vilivyopotea, kuna wa wasafiri, basi lazima yuko na wa fujo, maana fujo ni nyingi kuliko safari. Niliridhika.

Wasichana wa Sainte Fujo hawakuwa na majina. Walikuwa na namba, na tuliwajua kwa namba hizo kuliko tulivyowajua jamaa zetu. Namba Tisa alijaza mto wake karanga za wizi, akawa anakula kidogo kidogo kila usiku, hata ilipofika Pasaka alikuwa analalia kitambaa kitupu na shingo imempinda. Namba Thelathini aliandika somo lote la historia kwenye sketi yake ya ndani, mstari kwa mstari, akaingia kwenye mtihani kifua mbele, na ndipo mwalimu akamwita asimame ubaoni. Namba Nne hakula maharagwe yake hata siku moja. Aliyaweka mfukoni, akayapeleka kwa mbwa wa mlinzi, na yule mbwa kwa shukrani alibweka mara tatu kila surveillante, msimamizi wa usiku, alipokaribia bweni. Namba Tano na Namba Kumi na Moja waliingia jikoni kupitia tundu la moshi kwenda kuchukua sukari, wakatoka weusi, wakalala hivyo hivyo. Namba Ishirini na Mbili alivaa soksi mbili za mguu wa kushoto mwaka mzima, na sababu yake ilikuwa ndefu kiasi cha kuchukua shuka sita.

Nikisema nilimstaajabia yule mwanamke, sitii chumvi. Wapo watu wengi wanaoweza kupiga hadithi. Shangazi alikuwa na kitu kingine, alikuwa na uaminifu. Alichokisema mwezi wa Ramadhani kilibaki vile vile mpaka miezi sita baadaye. Bweni lilikuwa na madirisha kumi na moja, na la nne halikufungika. Ngazi za kwenda darasani zilikuwa kumi na tatu, ya saba ililia. Siku moja Riziki alijaribu kumtega. Alitaja, kana kwamba ni jambo la kupita tu, ule mlango wa kijani wa jikoni. Shangazi hakuinua hata macho kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha.

"Kijani ni ya chapelle ya sala," alisema. "Ya jikoni ni bleu. Weye Riziki, utakunja tano peke yako."

Papa mwenyewe, aliyekuwa mtu wa maneno machache na pini nyingi mdomoni, wakati mwingine alisimamisha cherehani ili asikie kilichochekesha huko nyuma. Hakusikia vizuri, na hakuuliza. Alifurahi tu kwamba dada yake anacheka, maana siku za kwanza baada ya kuvuka daraja hakuwa akicheka.

Hapa sasa niseme ujinga wangu. Niliamini yote. Sikuamini kama mtoto anavyoamini hadithi za sungura, niliamini kama mtu anavyoamini kwamba Bukavu iko ng'ambo ya mto. Tena nilijua kwamba Shangazi alisoma huko. Hakuwahi kusema hivyo, lakini katikati ya maelezo neno "sisi" lilimponyoka mara kwa mara. Sisi tulikuwa tunaamka saa kumi na moja. Sisi tulikuwa tunapewa shuka siku ya Alhamisi. Nilimtazama mikono yake yenye makovu ya pasi nikawaza, mikono hii imeshika kalamu ya Sainte Fujo. Nilijiuliza tu alikuwa namba ngapi, na kwa heshima sikumuuliza.

Kwa ajili hiyo nilisoma. Walimu wangu walidhani wao ndio walionifanya nisome, na mama yangu, Maman, alidhani ni dua zake, na sitaki kumnyang'anya mtu thawabu yake. Lakini nilipokuwa nikikariri mito ya nchi na kugawanya sehemu, nilikuwa na kitanda machoni, kitanda kimoja kati ya arobaini, karibu na dirisha lisilofungika. Mtihani ulipokuja nilishangaa hawakuuliza swali hata moja kuhusu bweni. Nilifaulu hata hivyo. Barua ilikuja kwamba nimepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana ya masista, ambayo kwangu mimi ilikuwa Sainte Fujo nyingine tu, huko juu upande wa mashamba ya chai, ikiwa na orodha ya vitu vya kuleta ndani ya valise, yaani sanduku, na namba yangu ya kushonwa kwenye kila nguo.

Katika mistari yetu ya maduka, hakuna binti aliyekuwa amepelekwa kulala kwa masista. Papa aliisoma ile barua mara tatu. Hakuwa mtu mbaya, na napenda hilo lieleweke. Alikuwa mtu wa kuogopa, na baba mwenye binti ana mengi ya kuogopa: chakula cha huko, sala za huko, na midomo ya hapa. Alimwita rafiki yake Mzee Ramazani, fundi viatu wa duka la pili, ambaye hakuna uamuzi mkubwa uliopita bila yeye kuukalia. Walikaa kwenye benchi baada ya swala ya alasiri. Maman aliniita kutoka uani, nikanawa miguu, nikaja kusimama mbele yao.

"Mutoto anajua kenye anaenda kufanya kule?" aliuliza Mzee Ramazani. "Ao anapenda tu valise mupya?"

"Muulize mwenyewe," alisema Papa. Kisha akanigeukia kwa upole ambao hadi leo unaniuma. "Tuambie, mama. Kule ku internat, banaishije?"

Nilijaa hewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilitaka waone kwamba hawampeleki mgeni, wanampeleka mtu anayejua kila mlango. Basi nikaanza, mikono nyuma, kama darasani. Nikawaeleza kwamba surveillante akishalala, Namba Tano na Namba Kumi na Moja hutoka kupitia dirishani, huteremka kwa shuka zilizofungwa mafundo, huingia jikoni kupitia tundu la moshi.

"Na masista habaone?" aliuliza Mzee Ramazani, kofia ikimrudi nyuma ya kichwa.

"Habaone, Mzee. Kuko imbwa. Banamupatiaka maharagi, na kama surveillante anakuya, analia mara tatu."

Niliendelea. Nikatoa sketi ya ndani yenye historia. Nikatoa mto wa karanga. Nikamtoa hata Directrice na mto wake kwapani, na jinsi wasichana walivyokuwa wakigonga mabati kwa mchi ili adhani ni radi. Mzee Ramazani alianza kucheka, akajikaza, akakohoa. Papa hakucheka. Alikuwa akiikunja ile barua, nusu, kisha nusu tena, na mimi kwa kiburi changu nilidhani anaikunja kwa sababu jambo limekwisha na nimeshinda. Nikamalizia kwa kupiga kifua.

"Na miye najua yote, Papa. Nikifika tu, naanza nabo."

Papa aliiweka barua chini ya mkasi wake mkubwa, kama anavyoweka kitambaa ambacho mwenyewe hatarudi kukichukua.

"Hataenda," alisema.

Hakupaza sauti. Nilitazama Maman, Maman akatazama chini. Sikuelewa nimekosea swali gani. Naikumbuka hasa hiyo hali, kwamba hata wakati machozi yananishuka nilikuwa bado napitia majibu yangu moja moja, namba, mlango, mbwa, nikitafuta lipi lilikuwa la uongo.

Ndipo Shangazi akatokea kwenye mlango wa uani na pasi mkononi, moto, moshi ukimzunguka. Alikuwa amesikia. Alisimama hapo kwa muda ambao mtu anahitaji kuchagua, na sasa nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye wakati ule naelewa alikuwa anachagua nini. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakikuwa cha kaka yake, nacho ni heshima aliyokuwa nayo machoni pa watoto wawili.

"Saidi, usikemee mutoto," alimwambia Papa. "Bile bintu bilitoka kwangu."

"Weye njo ulimufundisha bile?"

"Njo miye. Hakuna shule ya vile. Nilitunga. Yote, paka miye tu, juu batoto bache kuchoka na mashuka."

"Lakini ulisomaka kule!" nilipiga kelele. Sikujali wazee.

Aliiweka pasi juu ya jiwe la kizingiti, taratibu. "Sikusomaka kule, mama. Sikusomaka hata fasi moja."

Kisha akamwambia Papa, si mimi, na alisema kana kwamba Mzee Ramazani na Maman hawapo. Alimkumbusha kwamba mama yao alikuwa dobi wa masista kule Bukavu. Papa akaitikia kwa kichwa, hilo alilijua.

"Weye ulikuwa unaenda masomo na cartable ya bitabu. Miye nilikuwa nabeba kitunga. Kila Alhamisi banatupatia mashuka makumi munane, na manguo ya batoto, ku mulango ya nyuma. Ndani sikuingiaka, Saidi. Hata siku moja. Bale batoto sikubaonaka sura. Nilikuwa naona paka manguo yabo tu, na namba yenye banashona juu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Namba Thelathini, sketi yake ya ndani ilikuwa na wino, maandishi mazima, na yeye hakujua yamesema nini. Namba Nne, maharagwe mfukoni, wiki zote. Namba Tisa, maganda ya karanga ndani ya foronya. Namba Tano na Namba Kumi na Moja, masizi kwenye shuka, mkono mzima umejichora. Na shuka ya kitanda kisicho na namba, ambayo mara nyingine ilikuja imekunjamana, na mara nyingine ilikuja safi kama ilivyokwenda.

"Nilikuwa nafula, najiuliza. Huyu alifanya nini? Huyu alikuwa wapi? Miaka saba, Saidi. Njo masomo yangu ile."

Papa alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa shati lake. "Hukuniambiaka," alisema.

"Hukuniulizaka."

Mzee Ramazani aliinuka, akatafuta viatu vyake ingawa alikuwa amevivaa, akaaga.

"Baba alisema mikono yangu inatosha kwa kazi," Shangazi aliendelea. "Nilikubali, iliisha. Lakini kama unakatalia huyu mutoto juu ya uongo yangu, basi ni miye njo nimemufungia mulango. Ile sitaikubali. Nitavuka daraja leo, nirudi kwenye nilitoka."

Alichukua pasi yake akarudi uani. Alikuwa na shati la mteja mezani, akalimalizia.

Ningependa kusema kwamba nilimkimbilia nikamkumbatia. Sikumkimbilia. Nilimkasirikia siku mbili nzima, hasira ya mtu aliyeibiwa. Aliniibia kitanda, dirisha, mbwa, Namba Tisa na shingo yake. Nilikwenda kwa Riziki nikamwambia Sainte Fujo haipo, na Riziki akalia pia, tukalia pamoja kama wafiwa. Ni Riziki aliyenyamaza kwanza. Alipangusa pua, akaniuliza kwa hiyo Shangazi aliyajua yote yale kwa kuangalia nguo chafu? Nilisema ndiyo. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeona mlima, "Manguo machafu tu!" Na hapo hasira yangu ikakosa pa kushika. Nilianza kufikiri jinsi madoa manne au matano yalivyozaa madirisha kumi na moja, ngazi kumi na tatu, na mwanamke mzima anayeogopa radi. Mimi na kalamu zangu nisingeweza. Sijaweza mpaka leo.

Siku ya tatu Papa aliteremsha kutoka rafu ya juu kitambaa cheupe alichokuwa akikiweka kwa ajili ya wateja wakubwa. Alikipima, akakikata, akakaa kwenye cherehani. Alishona shuka mbili, akakaza pindo mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Alizipeleka mwenyewe uani, akaziweka kwenye meza ya pasi pamoja na ile barua iliyokunjwa.

"Shona namba," alimwambia dada yake. "Na weye njo utamupeleka."

Namba yangu ilikuwa ishirini na sita. Shangazi aliishona kwa uzi mwekundu kwenye kila kitu, hata kwenye kitambaa cha pua. Alikuwa hajui kusoma barua lakini namba alizishona vizuri kuliko mhuri. Ilinijia kwamba katika Jumamosi zote zile hakuwahi kumtaja Namba Ishirini na Sita. Nilimuuliza, na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake baada ya ule ugomvi.

"Ule?" alisema, akikata uzi kwa meno. "Manguo yake ilikuwa inakuya safi kila siku. Sikukuwa na ya kusema."

Tulipanda camionnette, gari dogo la mizigo lililokuwa likipeleka vitu kwenye mashamba ya chai, sisi mbele na dereva, valise nyuma. Alivaa kitenge chake cha Idi. Nywele zangu alikuwa amezinyoa mwenyewe asubuhi, maana barua ilidai hivyo, na baridi ya kule juu ilinishika kichwa kizima. Shule ilikuwa ya matofali mekundu, ndefu, imenyamaza, hakuna hata kuku aliyekuwa mahali pasipo pake. Wazazi na mabinti walikuwa wakiingia kwa lango kubwa lililofunguliwa pande zote mbili.

Shangazi, valise kichwani, alipinda kushoto. Alikwenda moja kwa moja kando ya ukuta, kwa mwendo wa mtu anayejua njia, kuelekea nyuma, kulikokuwa na moshi wa jiko na mlango mdogo wa mbao. Hakuwa amefika pale maishani mwake. Nilimkimbilia, nikamshika kitenge.

"Shangazi, ni huku. Bantu banapitia huku."

Alisimama. Alitazama ule mlango mdogo, akatazama lango. "Kweli," alisema. Nilimtangulia, naye akanifuata, na alipokuwa anavuka lango aliteremsha valise kutoka kichwani akaishika mkononi, kama akina mama wengine walivyoshika zao.

Sista mmoja mnene mwenye daftari alituonyesha bweni, akasema kila mzazi amtandikie mwanawe kisha kengele italia waende. Shangazi alitandika. Nilishamwona akitandika, lakini siku ile alifanya polepole, pembe zikakaa kali, juu pakawa laini kama maziwa kwenye bakuli. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa anapigana na shuka yake, Shangazi akaenda akamsaidia, kisha wa tatu akamwita, kisha wa nne. Yule sista alirudi, akasimama kwenye njia ya katikati, akapapasa pembe ya kitanda changu kwa kidole.

"Maman, weye unajua kazi ya internat," alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Ulisomea wapi?"

Shangazi alinyoosha kitenge chake mapajani.

"Kule Bukavu, Ma Soeur."

"Ah, njo maana," alisema sista, akaenda zake.

Shangazi hakunitazama. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akavua viatu, akavipanga sambamba sakafuni. Kisha akajilaza chali, juu ya shuka ya Papa, mikono kando, macho kwenye dari, na kutwa nzima nilikuwa sijamwona akipumua kwa utulivu vile. Wasichana walipita na mabeseni yao wakamwangalia. Mimi nilisimama mbele yake ili wasimwone vizuri. Kengele ya wazazi ililia, ndefu, na akina mama wakaanza kubusu watoto na kutoka. Shangazi hakuinuka. Nilikaa kando yake, nikamwambia kwamba masista hupiga kengele ya wazazi mara mbili, kwa hiyo ya kwanza haihesabiwi. Nilitunga tu, papo hapo.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli," nilisema, na tukangoja.